UZI: "The Pill" ya Loretta Lynn, singo ya kantri iliyofungiwa redioni 1975 na bado ikauza

Fidla ya Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mijadala ya kantri humu jukwaani huwa inaishia palepale: Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams, Dolly Parton, halafu mmoja anataja "Coal Miner's Daughter" na watu wanatawanyika. Leo naomba tukae na Loretta Lynn, tena kwa wimbo mmoja tu. Vituo vingi vya redio Marekani viligoma kuupiga, wahubiri wakausema vibaya kanisani, na kampuni yake mwenyewe ilikuwa imeufungia kabatini zaidi ya miaka miwili kabla ya kuutoa. Unaitwa "The Pill". Ulitoka Januari 1975 chini ya kampuni ya rekodi ya MCA. Kidonge chenyewe ni hivi hivi vidonge vya majira ambavyo kina mama wanapewa kliniki.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Wimbo huu hauna tusi hata moja. Kidonge kilikuwa kimeshaimbwa redioni kabla yake, na aliyekiimba ni Loretta huyu huyu. Kilichowachoma watu mwaka 1975 ni kumsikia mke wa ndoa, mama wa watoto, akiimba kwa furaha kwamba sasa uzazi uko mikononi mwake, wala haombi radhi.

Kwanza mjue anayeimba ni nani. Loretta Webb alizaliwa 14 Aprili 1932 huko Butcher Hollow, milimani mashariki mwa Kentucky, baba yake mchimba makaa ya mawe. Januari 1948 akaolewa na Oliver Lynn, ambaye watu walimwita Doolittle, au Doo kwa kifupi. Wakahamia jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi. Alipofika miaka 20 alikuwa tayari na watoto wanne. Gitaa lake la kwanza Doo alimnunulia duka la Sears kwa dola 17. Singo yake ya kwanza ilitoka 1960. Mwaka 1964 akajifungua mapacha, wakati ule akiwa tayari jina kubwa Nashville. Jumla watoto sita.

Kwa hiyo anapoimba habari za mwanamke anayebeba mimba kila mwaka, anaimba anachokijua mwilini mwake.

Naendelea kwenye wimbo wenyewe.

Kijana wa Pangani

Nimekaa mbele kabisa. Shusha nondo mkuu.

Mzee wa Stili

Samahani kidogo kabla hujaendelea. Mimi siku zote najua aliolewa na miaka 13. Hata ile filamu ya maisha yake inasema hivyo.

Fidla ya Jioni

Mzee, hivyo ndivyo mwenyewe alivyosimulia miaka nenda rudi, na kitabu chake cha 1976 kikaenda hivyo hivyo. Mwaka 2012 shirika la habari la Associated Press lilichapisha taarifa iliyotokana na cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa: alizaliwa 1932 na aliolewa akiwa na miaka 15. Bado alikuwa mtoto, lakini tuandike 15.

Sasa wimbo. Hauzidi dakika tatu, una mwendo wa kuchangamka, sauti ya Loretta iko mbele kabisa na ile lafudhi yake ya milimani. Mke anazungumza na mume moja kwa moja. Anamkumbusha ahadi za wakati wa uchumba: nioe, nitakuonyesha dunia. Dunia aliyoiona ni kitanda cha uzazi na bili za daktari. Miaka yote mume anatoka, anajifurahisha, yeye nyumbani anabeba mimba nyingine.

Kinachofuata ni ufundi mtupu. Anahamisha habari yote kwenye banda la kuku. Yeye ni kuku, mume ni jogoo. Anasema banda la kulelea vifaranga analibomoa. Anasema mashine ya kutotoleshea imefanya kazi kupita kiasi kwa sababu mume haiachi ikae tupu. Anasema kuatamia sasa basi. Halafu gauni la ujauzito linatupwa takatakani, na kuanzia leo nguo zake hazitakula kitambaa kingi: sketi fupi, kaptura za kubana, marembo kidogo.

Naomba msikilize ubeti wa mwisho kwa makini, maana wengi wanaoulaumu wimbo huu hawafiki hapo. Giza linaingia, muda wa kuku kupanda kwenye kiota umefika. Mke haondoki. Hafungi virago, hatafuti bwana mwingine. Anamwita mume wake kitandani na kumwambia usiku wa leo asiwe na wasiwasi, mama ana kidonge. Wimbo uliopigwa marufuku kana kwamba unabomoa ndoa unaishia na mume na mke wakienda kulala pamoja kwa raha kuliko walivyowahi.

Mama Tunu

Nimeusikiliza sasa hivi, mara mbili mfululizo. Sisi tuliolelewa na taarabu hatupati shida kabisa na mafumbo ya kuku na jogoo, tunayaelewa hata kabla hajamaliza sentensi. Kilichonishika ni lile gauni. Mwanamke aliyewahi kuvaa gauni moja la ujauzito kwa mimba tatu analijua vizuri: limepauka mgongoni, limefumuliwa na kushonwa upya kiunoni, na kila ukilikunja kuliweka sandukuni unajua utalitoa tena. Kulitupa ni kitendo kikubwa. Aliyeandika ule mstari alikuwa mwanamke, nabisha na mtu yeyote.

Swali: Loretta aliuandika mwenyewe?

Fidla ya Jioni

Mama Tunu, wengi wanadhani hivyo kwa sababu nyimbo zake nyingi maarufu aliandika mwenyewe. Huu umesajiliwa kwa majina ya Lorene Allen, Don McHan na T. D. Bayless. Sasa nani kati yao alileta lile gauni, hilo siwezi kulisemea.

Baba Wawili

Mimi nitakuwa tofauti, na naomba nisitukanwe.

Nimeusikiliza. Sauti nzuri, muziki mzuri. Lakini maneno yale ni ya kumvua mume nguo hadharani. Mambo ya kitanda yanazungumzwa chumbani. Pili, mnaongelea kufungiwa kana kwamba serikali ilimfunga mtu jela. Meneja wa redio kwenye mji mdogo wa Kentucky au Tennessee anawajua wasikilizaji wake: redio iko jikoni, watoto wako mezani, bibi yupo, mchungaji yupo. Akiamua wimbo huu siupigi, hiyo ni kazi yake, kama mhariri anavyokataa makala. Mbona hatusemi alikuwa analinda nyumba za watu?

Fidla ya Jioni

Baba Wawili, hakuna atakayekutukana kwenye uzi huu. Hoja yako ya pili ni nzito, na upande mmoja uko sahihi: hapakuwa na amri ya serikali. Kila kituo kiliamua chenyewe, ndiyo maana ulipigwa mji huu na kunyamazishwa mji wa jirani.

Lakini tuangalie meneja yule yule wa redio alikuwa anapiga nini miaka ile, watoto wakiwa mezani vile vile.

Mwaka 1967 Porter Wagoner alitoa "The Cold Hard Facts of Life". Mume anarudi safari mapema, anamkuta mke na mwanaume mwingine, anachukua kisu. Ulifika namba 2 kwenye chati ya kantri. Johnny Cash alirekodi "Folsom Prison Blues" mwaka 1955, mfungwa anasema alimpiga mtu risasi ili tu amwone akifa. Toleo la jukwaani la 1968 lilikwenda namba 1. Ulevi na uzinzi ndio chakula cha kila siku cha kantri. Bibi alikuwepo mezani, mchungaji alikuwepo.

Na ushahidi wangu mkubwa ni huu. Mwishoni mwa 1971 Loretta alitoa "One's on the Way", wimbo ulioandikwa na mwanaume, Shel Silverstein. Mama wa nyumbani huko Topeka, Kansas, ana watoto wanaolia kila kona na mwingine yuko tumboni, na anafikiria wanawake matajiri na wanaharakati wa mijini. Kidonge kinatajwa humo wazi, kama jambo la watu wa mbali ambalo huenda siku moja likageuza dunia. Redio zikaupiga asubuhi, mchana na jioni. Mwaka 1972 ukashika namba 1.

Mwimbaji ni yule yule, kidonge ni kile kile. Kwenye wimbo wa kwanza mama amechoka, anacheka uchovu wake, na bado ana mimba. Kwenye wa pili amekimeza na anafurahi. Wa kwanza ulipelekwa kileleni, wa pili ukafungiwa. Meneja wa redio alikuwa tayari kumsikiliza mama aliyechoka. Aliyepumzika ndiye hakumtaka.

Kijana wa Pangani

Hii ya Topeka sikuijua kabisa. Mkuu umeniweka mahali.

Nesi wa Zamu

Nami niongeze kidogo kwa upande wangu wa kazi, maana tarehe zinasaidia kuelewa hasira ya watu.

Kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba, Enovid, kilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1960. Lakini baadhi ya majimbo yalikuwa bado na sheria zinazokataza. Ni 1965 ndipo Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Griswold dhidi ya Connecticut, iliposema serikali haiwezi kuwazuia wanandoa. Kwa wasioolewa haki hiyo ilikuja Machi 1972, kesi ya Eisenstadt dhidi ya Baird. Katikati hapo, mwaka 1970, Rais Nixon alisaini sheria ya Title X iliyoweka fedha za serikali kwenye huduma za uzazi wa mpango kwa watu wa kipato kidogo.

Sasa linganisheni na tarehe za Fidla. Loretta alirekodi "The Pill" mwishoni mwa 1972, miezi michache tu baada ya ile hukumu ya Machi.

Na nisiwe mshabiki tu. Vidonge vya mwanzo vilikuwa na homoni nyingi kuliko vya leo, na kulikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu damu kuganda. Mwaka 1970 Seneta Gaylord Nelson aliendesha vikao vya Seneti juu ya usalama wake, na wanawake walivuruga kikao wakiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wa watumiaji aliyeitwa kutoa ushahidi. Baada ya hapo ndipo karatasi ya maelezo ya madhara ikaanza kuwekwa ndani ya pakiti. Kwa hiyo mwanamke wa 1975 aliyesita alikuwa na sababu zake, na aliyefurahi alikuwa na zake pia.

Jambo moja kutoka kliniki ya mama na mtoto ninakofanya kazi. Mama anakaa benchi asubuhi nzima. Anafika mezani, anauliza chanjo ya mtoto, mtoto anapimwa uzito, anafunga kanga, anaaga. Anafika mlangoni, anasimama, anarudi, anainama karibu na sikio langu ndipo anauliza la vidonge. Nimeliona hilo zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Ndiyo maana nikisikia wimbo ulioyatoa maneno hayo mlangoni ukayaweka redioni, naelewa uzito wake.

Fidla ya Jioni

Nesi asante sana, na maneno yako ya mwisho yananipeleka moja kwa moja kwenye mapokezi ya wimbo, ambayo ndiyo nyama ya uzi huu.

Kwanza kampuni. Oktoba 1972 Loretta alipewa tuzo ya Msanii Bora wa Mwaka ya chama cha muziki wa kantri, CMA, mwanamke wa kwanza kuipata. Yaani alipoingia studio kurekodi "The Pill" alikuwa juu kabisa ya fani. Ungedhani ndipo mahali pa kuwa jasiri. Kampuni ikaona ndipo mahali pa kupoteza, ikauweka kando. 1973 ukapita, 1974 ukapita, zikatoka singo nyingine, zikiwemo alizoimba na Conway Twitty. "The Pill" ikatoka 1975, na kuwekwa kwenye albamu ya "Back to the Country".

Pili redio. Vituo vikaanza kuukataa kimoja baada ya kingine. Kuna mhubiri wa Kentucky, nyumbani kwake kabisa, aliyetumia mahubiri yake kuushambulia. Hapo ndipo mambo yakageuka, kwa sababu waumini waliosikia mahubiri wakataka kujua huo wimbo unasema nini.

Tatu, Grand Ole Opry, lile jukwaa na kipindi maarufu cha redio cha kantri huko Nashville. Loretta alisimulia kwamba aliuimba pale mara tatu usiku mmoja na hakuna aliyemgusa. Baadaye akaja kujua kuwa wakubwa wa Opry walikaa kikao kilichochukua saa tatu wakijadili kama wamruhusu kuuimba. Fikirieni, saa tatu kujadili wimbo wa dakika tatu.

Nne chati. Ulifika namba 5 kwenye chati ya kantri ya Billboard. Mtu anaweza kusema namba 5 kwa Loretta ni kushuka, maana alizoea namba 1. Lakini chati ya wakati ule ilitegemea taarifa za redio pamoja na za maduka. Upande wa redio ulikuwa umejaa matobo, kwa hiyo waliousukuma hadi tano bora ni watu waliotoka nyumbani wakaenda dukani kununua santuri. Na kwenye Hot 100, chati ya nyimbo za aina zote, ulifika namba 70, nafasi ya juu kuliko nyingine zote alizowahi kupata akiimba peke yake. Watu ambao hawakuwa na habari na kantri walimsikia Loretta kwa mara ya kwanza kupitia wimbo ambao redio za kantri zilimkatalia.

Tano, na hili ndilo nalipenda kuliko yote. Alieleza kwamba madaktari wa vijijini walimwambia wimbo wake umefanya kazi kubwa ya kuwafahamisha wanawake wa sehemu za mbali kuwa kuna kidonge, kuliko vipeperushi vyote walivyowahi kugawa.

Mwenyewe alipoulizwa na magazeti hakuzunguka. Alisema angekuwa na vidonge hivyo enzi zake za kuzaa angevila kama bisi. Akaongeza kuwa watoto wake hawabadilishi na wa mtu yeyote, ila pengine wasingekuwa sita, na hakika angewapishanisha vizuri zaidi. Hapo Baba Wawili naomba ulitazame tena lile neno la kuvua mume nguo. Mtu anayesema watoto wangu siwabadilishi hawezi kuwa anautukana uzazi.

MtuWaNakuru

Niaje wadau. Huku kwetu kantri ni chakula, mzee wangu alikuwa anaiweka kila Jumapili baada ya kanisa, kwa hivyo uzi huu umenipata vizuri.

Nataka kuongeza kwamba Loretta hakuwa wa kwanza kupitia hayo. Mwaka 1952 Kitty Wells aliimba "It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels", jibu kwa wimbo wa Hank Thompson uliokuwa unalaumu wanawake wa baa. Kitty akasema wanaume waliooa wanaojifanya makapera ndio chanzo. Redio ya NBC ikaufungia, Opry nayo ikamkataza kuuimba mwanzoni. Ukakaa namba 1 kwa wiki sita, na Kitty akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chati ya kantri ya Billboard akiimba peke yake. Kwa hivyo 1975 wakubwa wa Opry walikuwa wanarudia somo ambalo walishafeli mara moja.

Lakini kuna jambo limebadilika na mimi linanisumbua. Mwaka 1975 kila stesheni iliamua yenyewe, kama mwanzisha uzi alivyosema. Tembeza mshale wa redio kidogo na unaupata wimbo. Sasa kumbukeni 2003, lile kundi la Dixie Chicks ambalo siku hizi linajiita The Chicks. Natalie Maines alisema jukwaani London, Machi 2003, kwamba wanaona aibu Rais Bush ametoka Texas kama wao. Singo yao "Travelin' Soldier" ilikuwa juu ya chati ya kantri, ikaporomoka ndani ya wiki chache. Wakati huo, baada ya sheria ya mawasiliano ya 1996, kampuni moja ingeweza kumiliki mamia ya stesheni. Kampuni ya Cumulus ilitoa amri moja, na stesheni zake zote za kantri zikawatoa hewani kwa mwezi mzima. Msikilizaji akitembeza mshale anakutana na kampuni ile ile.

Loretta alifungiwa na watu wengi wadogo. Chicks walifungiwa na wachache wakubwa. Sidhani "The Pill" ingepenya 2003.

Mzee wa Stili

MtuWaNakuru umesema jambo kubwa. Ila usisahau Chicks nao walipenya kwa mlango mwingine. "Not Ready to Make Nice" haikupata kitu kwenye redio za kantri, lakini Februari 2007 ikachukua Grammy za rekodi ya mwaka na wimbo wa mwaka.

MtuWaNakuru

Ni kweli Mzee, lakini walipenya wakiwa nje ya kantri. Mlango wa nyumbani ulibaki umefungwa. Loretta aliingia kwa mlango wa nyumbani, na mwaka uliofuata, 1976, alikuwa bado namba 1 na "Somebody Somewhere". Redio zilizomfungia zilirudi kumpiga. Hiyo ndiyo tofauti inayoniuma.

Binti Rasi

Naomba niulize kwa nia njema. Kwa hiyo Loretta tumwite mwanaharakati wa haki za wanawake? Maana kila makala ninayoisoma mtandaoni inamwita hivyo.

Fidla ya Jioni

Mwenyewe alilikwepa jina hilo. Kwenye kitabu chake cha 1976 aliandika kwamba si shabiki mkubwa wa vuguvugu la ukombozi wa wanawake, ila huenda likasaidia wanawake kupata heshima wanayostahili. Kisiasa alimfanyia kampeni George Bush mkubwa mwaka 1988, na 2016 alimuunga mkono Trump. Alikaa na Doo hadi kifo kilipomchukua mzee huyo mwaka 1996, pamoja na ulevi wote na wanawake wote aliowaimba humo kwenye nyimbo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya "The Pill" ilipo. Angeuimba mwanaharakati wa New York, redio za kusini zingeupuuza na hakuna ambaye angeshtuka. Aliyeuimba ni mke wa mtu, anayekwenda kanisani, mwenye gauni refu hadi miguuni na lafudhi ya mashambani, mama wa watoto sita. Alikuwa mmoja wao kabisa, kwa hiyo hawakuwa na pa kumtupa.

Baba Wawili

Nimesoma yote. Ubeti wa mwisho kweli sikuwa nimeusikiliza vizuri, nimerudi nimeusikiliza. Hilo la mume kuitwa kitandani linabadilisha sura ya wimbo, nakubali.

Kwa redio sijahama. Bado naamini mwenye kituo ana haki ya kuchagua. Lakini mfano wa Porter Wagoner umenibana. Kama unapiga wimbo wa mtu anayemuua mkewe halafu unakataa wa mke anayemeza kidonge, basi hulindi watoto. Hapo sina jibu.

Mama Tunu

Baba Wawili Mungu akubariki kwa kusoma kabla ya kujibu, jambo hilo limekuwa adimu humu.

Mimi naomba tusimsahau mume wa kwenye wimbo. Loretta anamuimba kwa ukali lakini hamdharau. Anamwambia umekosa, halafu anamwambia njoo. Wanawake wangapi wanayo nafasi ya kusema yote mawili usiku mmoja?

Nesi wa Zamu

Na wanaume pia, Mama Tunu. Wakija wawili pamoja kliniki, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Yule mama hanong'oni.

Kijana wa Pangani

Mkuu Fidla, kwa sisi wageni wa Loretta tuanzie wapi? Nataka nielewe alivyofika kwenye huu wimbo.

Fidla ya Jioni

Anza na "You Ain't Woman Enough" ya 1966, kisha "Don't Come Home A-Drinkin'", namba 1 yake ya kwanza, 1967. Hapo utamsikia anazungumza na mwanamke mwenzake, kisha na mume mlevi. Nenda "Fist City" ya 1968. Pita "Rated X", ambayo nayo ilikataliwa na baadhi ya vituo kwa kuzungumzia mwanamke aliyeachika. Ukitaka kumsikia uzeeni, kuna albamu ya "Van Lear Rose" ya 2004, aliyotengenezewa na Jack White, ilipata Grammy mbili. Alifariki 4 Oktoba 2022 nyumbani kwake Hurricane Mills, Tennessee, akiwa na miaka 90.

Lakini kabla ya zote hizo fanya zoezi hili. Piga "One's on the Way", kisha papo hapo "The Pill", bila kuweka kitu katikati. Prodyuza ni mmoja, Owen Bradley, na sauti ni ya mtu mmoja. Sikiliza anavyovuta pumzi kwenye ule wa kwanza na anavyoachia mwisho wa mistari kwenye wa pili, halafu urudi hapa utuambie umesikia nini.

Mzee wa Stili

Nalifanya zoezi hilo usiku huu. Wadau, kuna mwenye "Back to the Country" kwenye santuri, ile ya MCA ya 1975? Natafuta ya kununua, hata kama jalada limechakaa, mradi upande wa kwanza usiwe na mikwaruzo. Aje PM.